Mikro-onde Inayopika Mlango Ukiwa Wazi

Maman Pascaline aliifikisha mikro-onde yake, ile tanuri ya umeme ya kupashia chakula, katika mtaa wa Kasha ikiwa kichwani, imefunikwa kikwembe, kama mtu anayehamisha mgonjwa asiyetaka majirani wamwone. Mvua ilikuwa haijaacha tangu alfajiri. Njia ya kushukia kwenye atelye ya mafundi wa vyombo vya umeme ilikuwa imegeuka mfereji, na mama wa watu alishuka kwa visigino, mkono mmoja juu ya mzigo, mwingine umefichwa ndani ya nguo.

Guylain alimtokea mbio, akampokea.

"Maman, maiti tunapokeaka, lakini lazima ikuje na karatasi ya ofisi ya komine."

"Wacha michezo, Guylain. Haijakufa. Iko na kichwa nguvu tu."

Guylain alikuwa na miaka thelathini na moja, na mdomo ambao Papa Xavier alisema ungefungwa nyaya mbili ungewasha taa za komine nzima ya Bagira. Papa Xavier ndiye mwenye atelye. Alikuwa na miaka sitini na minne, mwenyekiti wa shirika lao la kanisa, na alikuwa amemfundisha Guylain kazi kwa miaka tisa: redio, pasi, friji, na hizi mikro-onde ambazo watu hupewa na ndugu zao wa ng'ambo na kuziweka sebuleni kama picha ya harusi. Siku ile mzee hakuwapo. Alikuwa ameenda kwenye kilio cha mtu wa shirika.

"Sasa kichwa nguvu yake iko wapi?" Guylain akauliza, huku akifuta matone ya mvua juu ya bati la mashine.

"Ukifunga mulango, inanyamaza kabisa! Kama haikusikii. Ukiacha mulango wazi kidogo, kama vidole viwili hivi, inaanza kuimba. Basi mi nimezoea. Naacha wazi, chakula inapata moto, tunakula."

Guylain akacheka hadi akashika meza.

"Maman, hii iliwahi kulala kasho, ndani ya jela. Njo maana inaogopa kufungiwa."

Alicheka kwa sababu hakuamini. Mlango wa mikro-onde una kulabu mbili. Ukiufunga, kulabu zinaingia kwenye matundu yake na kubonyeza swichi ndogo tatu zilizojificha nyuma. Swichi zikikubali, mashine inapika. Kulabu ikilika, au springi yake ikichoka, swichi moja haibonyezwi na mashine inagoma. Hapo ndipo wateja wanapoanza uganga: huyu anaupiga mlango goti, yule anauinua kwa juu, mwingine anauacha wazi kidogo halafu anausukuma polepole, na siku mashine ikikubali anadhani amegundua siri. Guylain alikuwa amesikia siri za namna hiyo nyingi. Kila mara jibu lilikuwa kulabu.

Umeme ulikuwa umerudi saa nne. Akaweka glasi ya maji ndani, akafunga mlango, akazungusha saa ya mashine. Kimya. Akausukuma mlango kwa kiganja. Kimya. Akaufungua upana wa vidole viwili.

Mashine ikaimba.

Guylain alirukia plagi, akaing'oa ukutani kwa nguvu hivi kwamba waya ulimpiga shavuni. Alibaki amesimama, plagi mkononi. Maman Pascaline alimtazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemwona kijana akimkimbia mbwa anayejulikana haumi.

"Si nilikuambia?"

"Maman, hebu kaa kule kwa benchi. Mbali. Hii kitu unaitumikisha hivi tangu siku gani?"

"Tangu Papa Xavier aliitengeneza. Iko wiki ya tano sasa."

"Na chakula, unaitoaka namna gani?"

"Si naingiza mukono? Sahani yake haizungukake vizuri. Naigeuza mwenyewe, ikiendelea kuimba, halafu naitoa."

"Nionyeshe mukono, Maman."

Hakutaka. Alisema ni mvuke tu, ni kitu kidogo, alikuwa ameshapaka mafuta. Guylain alimnyooshea kiganja, hadi mama akatoa mkono ndani ya kikwembe. Vidole viwili vilikuwa vimevimba. Ngozi yake iling'aa, imevutika, na rangi haikuwa ya kidonda cha mvuke. Ilikuwa kama rangi ya nyama iliyochemshwa.

"Inauma?"

"Mwanzo iliuma. Sasa hapana. Juzi nilikuwa nashona shati ya mujukuu, sindano ikaingia hapa, sikusikia hata. Niliona tu damu kwa shati."

Guylain alitafuta utani. Alizoea kuukuta pale pale, nyuma ya meno. Safari hii hakukuta kitu.

Akachukua turnevisi, bisibisi yake. Kwanza alisubiri, kisha akagusisha chuma kwenye miguu ya kondansata ili kuua umeme unaobaki ndani, maana mashine hii hata ikiwa imeng'olewa inaweza kumtupa mtu ukutani. Akafungua kifuniko. Alikuwa bado anaomba iwe kulabu. Akazikagua zote mbili: nzima, nyeupe, hazijalika. Springi: imekaza. Akafunga mlango polepole akisikiliza, na swichi zikalia moja baada ya nyingine, tik, tik, tik, kama inavyotakiwa.

Basi akashika kipimo. Katika zile swichi tatu, mbili kazi yake ni kuruhusu umeme mlango unapofungwa. Ya tatu kazi yake ni kinyume: iko pale kama askari, kuunguza fyuzi kama zile mbili zikidanganya. Kwa umbo zinafanana kama mapacha. Kinachozitenganisha ni herufi ndogo zilizoandikwa ubavuni, na kipimo, kinacholia pale umeme unapopata njia. Guylain akafungua mlango tena, akapima ya kwanza bila kuibonyeza. Kipimo kikalia. Kilitakiwa kunyamaza. Akapima ya tatu: kimya. Kilitakiwa kulia.

Askari alikuwa amewekwa mahali pa mlango, na mlango mahali pa askari.

Ya katikati ilikuwa mahali pake, lakini kati ya miguu yake kulikuwa na tone la lehemu, kubwa kama punje ya mtama, lililoiunganisha moja kwa moja. Bukavu watu huunganisha kila kitu moja kwa moja, wanaita direkti: kibonyezo cha redio kikifa, direkti, funguo ya pikipiki ikipotea, direkti. Lakini mlango wa mikro-onde ndio kitu pekee ambacho Papa Xavier alikuwa amemkataza Guylain kukigusa hivyo, tangu wiki ya kwanza ya kazi, kwa kumshika sikio. Na hili tone halikuwa direkti ya kusudi. Lilikuwa limeanguka tu. Mtu mwenye macho angeliona na kulifuta.

Guylain akageuza kifuniko. Sheria ya atelye ilikuwa moja: aliyefungua chombo ndiye anakifunga, na akikifunga anaandika jina na tarehe kwa ndani, kwa kalamu nyeusi. Papa Xavier alikuwa ameandika jina lake mara mbili. La miaka mitatu nyuma lilikuwa limenyooka kama la kitabu cha ubatizo. La wiki tano nyuma lilianza juu, likateleza chini, likapanda juu ya lile la zamani, na herufi za mwisho zikaishia nje ya bati.

Alilifuata lile la pili kwa kidole.

Alijua. Macho ya mzee yalikuwa yakififia. Tangu Pasaka mzee alikuwa akimwambia, "Guylain, soma hapa, nione kama masomo bado iko kwa kichwa," na Guylain alikuwa akisoma namba za vipuri kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, wote wawili wakicheka. Alikuwa amemwona akimimina chai pembeni ya kikombe. Alikuwa amemwona akitafuta turnevisi iliyokuwa mbele yake, akijifanya anapapasa meza kwa mawazo. Mara zote Guylain alikuwa na neno la kuchekesha la kuweka juu yake, na neno likishawekwa, hakuna aliyelazimika kutazama chini yake.

Na mzee alikuwa na nini kingine? Mke alikuwa amezikwa. Watoto walikuwa mbali. Kila asubuhi, kabla ya misa hata, alikuja kugusa meza yake.

"Maman, ilikuwa imeanza hivi siku ile ile uliipeleka nyumbani?"

"Siku ile ile. Hapa courant ya umeme ilikuwa haiko, hakuijaribu. Aliniambia kama kuko shida, nirudishe."

"Na haukurudisha."

Maman Pascaline alimtazama kana kwamba amemwambia ateme mate altareni.

"Nirudishe kazi ya Papa Xavier? Nimuambie nini? Yeye anatuongozaka sala, mi nimubebee mashini kichwani, watu wote wanaona? Leo nilikuja juu nilisikia hayuko."

Aliyekuwa hayuko akatokea mlangoni, mwavuli ukidondosha maji, mkono wake ukiupapasa mwimo kabla ya mguu kuvuka.

"Nani iko hapa na weye?"

Maman Pascaline alikuwa amekaa hatua tatu mbele yake.

"Ni mi, Papa. Pascaline."

"Aa, Maman Pascaline! Mbona unakaa ndani ya giza?"

Hapakuwa na giza. Mama akasimama, akaanza kukusanya kikwembe. "Nilikuwa napita tu, Papa. Si kitu. Nitarudi siku ingine." Na alimtupia Guylain jicho la kumwomba: afunge kile kifuniko, atengeneze kimya kimya, waachane hivyo.

Ingewezekana. Dakika kumi zingetosha: kubadilisha swichi, kufuta tone, kuandika jina lake juu ya lile lililoteleza. Guylain alifikiria hizo dakika kumi. Kisha akafikiria kwamba mzee kesho angefungua chombo kingine.

Akazing'oa zile swichi mbili zilizobadilishiwa mahali, akaziweka katika kiganja cha mzee.

"Muzee, unisaidie. Kati ya hizi, ya mulango iko gani, na ya fyuzi iko gani?"

"Leo njo umesahau? Miaka tisa nilikuwa nafundisha mbuzi?"

"Mbuzi wa soko ya Mudaka, Papa. Wale wa kabisa."

Papa Xavier alicheka. Akageukia mlangoni kwenye mwanga, akaleta swichi karibu na pua, akaipinda huku, akaipinda kule. Kidole gumba kikapita juu ya yale maandishi, polepole, kikarudi. Nje mvua ilipiga mabati. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliyefanya kazi hii miaka arobaini.

"Hii njo ya mulango," akasema.

Guylain akaigusisha na kipimo bila kuibonyeza. Kipimo kikalia.

Masikio ya mzee yalikuwa mazima.

"Piga tena."

Kikalia tena.

"Ile ingine."

Kimya. Hata Maman Pascaline, ambaye hakujua kipimo kinasema nini, alielewa kwamba kimesema.

"Ilitoka kwa mulango wa nani?" Papa Xavier akauliza.

Guylain akamgeukia mama.

"Wa kwangu, Papa," Maman Pascaline akasema. "Lakini inapika. Inapikaka vizuri, Papa, kweli."

"Na mukono wake, Muzee," Guylain akasema. "Mukono wake njo ilipikwa."

Mzee akanyoosha kiganja hewani, pembeni kidogo ya pale alipokuwa mama, na mama akasogeza mkono wake ukafika. Alivigusa vile vidole kimoja kimoja, kama alivyogusa swichi.

"Unasikia hapa?"

"Hapana, Papa."

"Na hapa?"

"Hapana."

Akaurudisha mkono kwa mwenyewe taratibu. Akakaa kwenye kiti chake, mbele ya meza yake, na mikono aliiweka magotini, si juu ya meza.

"Papa, nilijua," Guylain akasema. "Tangu Pasaka nilijua. Nisamehe."

"Najua kama ulijua. Ulikuwa unacheka sana."

Guylain angependa atukanwe.

Walimsimamishia Maman Pascaline pikipiki, na Guylain alimrudia mara tatu: hospitalini aseme mashine ilimpika kwa ndani, asiseme mvuke, hata kama anaona aibu. Pikipiki ilipopotea kwenye kona, Papa Xavier bado alikuwa amekaa vile vile.

"Zilikuwa swichi ine," akasema. "Nilitoa ine kwa ile karkasi, mashini ya zamani iliyokufa. Mbili nilitia kwa Pascaline. Mbili nilitia kwa Adélaïde, na lehemu sikuona ilianguka wapi. Wiki ile ile."

"Ulifunga weye?"

"Mimi."

Adélaïde, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa juu ya kilima, nyumba ya mbao yenye geti la bluu. Walipanda kwenye matope, mzee amemshika Guylain bega kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Mwalimu alifurahi kuwaona. Alivuta viti, akafuta kimoja kwa pindo la nguo yake, akaweka maji ya chai, akauliza habari za kilio. Papa Xavier alisubiri heshima zote ziishe.

"Binti yangu, ile mikro-onde. Inaendeleaje?"

"Iko muzuri, Papa. Aksanti sana."

"Inapika mulango umefungwa?"

Adélaïde akaangalia sufuria ya chai. "Iko... iko na tabia yake kidogo."

"Iko wapi?"

Ndipo akasema. Alikuwa ameiuza siku tatu zilizopita. Hakutaka kuirudisha, Papa angehuzunika, na watoto walikuwa wanaanza kuichezea. Mwanamume mmoja wa mji wa Walungu alikuja na rafiki yake, akaipenda. Anafungua malewa, nyumba ndogo ya chakula, karibu na soko kule. Alisema ana jenereta.

"Ulimuambia kama inaharibika?" Guylain akauliza.

"Sikumudanganya, kaka. Nilimuonyesha vizuri namna ya kuacha mulango wazi. Vidole viwili. Alijaribu mwenyewe hapa, akaweza."

Chai ilichemka, ikamwagika juu ya makaa, na hakuna aliyeinuka.

"Jina lake?"

"Sikuuliza, Papa."

"Telefone?"

Alitikisa kichwa. Kisha akaona mzee bado anangoja jibu, akasema kwa sauti: "Hapana, Papa. Sina."

Waliteremka. Kwenye njia panda, Papa Xavier alitoa funguo za atelye mfukoni, akazitia mkononi mwa Guylain, akamkunjia vidole juu yake.

"Kesho asubuhi, pa parking ya magari ya Walungu. Ubebe kipimo. Na vyuma vyangu... hapana. Ubebe vyako."

Kesho yake mvua ilikuwa imepungua, ukungu umelala juu ya ziwa. Papa Xavier alikuwa amefika kabla, amenyoa ndevu, amevaa koti la Jumapili. Alikuwa amesimama katikati ya makondakta, mabunda ya mihogo na wapiga kelele, na watu walimpita wakimsukuma, wengine wakimwamkia kwa jina na yeye akiitikia upande usio wao. Guylain alimwona kutoka mbali. Miezi hii yote mzee alikuwa na mbinu zake: alisubiri mtu mwingine aulize, akasikiliza, kisha akafuata kama aliyekuwa akijua. Leo hakusubiri.

"Guylain? Iko weye?"

"Iko mi, Papa."

"Mi sioni," akasema, kwa sauti ile ile ya kuongoza sala, na mama wawili wa shirika lake waliokuwa wakipakia mihogo wakageuka, kisha wakainamisha vichwa. "Unisomee. Ya Walungu iko gani?"

Guylain alizisoma karatasi kwenye vioo vya magari, moja baada ya nyingine, bila sauti ya darasa la kwanza. Hii ya Nyangezi. Hii ya Kavumu, imekosa mahali pake. Ile ya tatu, nyeupe, njo ya Walungu. Akamshika mzee mkono, akamwonyesha pa kukanyaga, akamkalisha karibu na dirisha, mahali ambapo watu hupenda kukaa ili waone njia.

Gari lilijaa polepole. Papa Xavier aliukumbatia mwavuli wake.

"Walungu soko yake ni kubwa," akasema baadaye. "Malewa iko mingi. Jina hatuna. Tutauliza namna gani?"

Guylain alifikiri kidogo.

"Tutauliza nani anapikaka mulango ukiwa wazi, Papa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara mbili. Kondakta akapiga bati la gari kwa kiganja, wakaanza kupanda mlima kuelekea Walungu.